Usufi Ndani ya Kimto cha Sindano

Kwetu hakunyamazwi. Nyumba ina vyumba vinne na watu tisa, na hapo sijamhesabu jirani yetu Redio, ambaye kulala analala kwake lakini kuishi anaishi kwetu. Ukitaka kujua nani kaposwa, nani kaachwa, nani kanunua kochi jipya na limepitaje mlangoni, kaa na Redio kwa muda wa kumenya vitunguu viwili. Kwa hiyo nikikwambia kwamba Jumapili moja mchana nyumba ile ilinyamaza yote, watu wote tisa pamoja na Redio wao, tukaisikia hata saa ya ukutani ya mama ambayo mimi nilijua ilishakufa, ujue nakusimulia jambo. Na kilichotunyamazisha kilikuwa chembamba kuliko ukope wa mtoto mchanga.

Mimi ni mbandikaji katika hifadhi ya mimea mikavu. Nikisema hivyo watu hudhani nauza mitishamba. Mpaka leo shemeji yangu hunivuta pembeni akaniuliza kama hamna kitu cha kuongeza nguvu. Hamna. Ni jengo la ghorofa mbili lenye makabati ya chuma toka sakafuni hadi darini, na ndani ya makabati kuna mimea iliyobanwa ikakauka, kila mmoja juu ya karatasi yake nene, na kona ya chini kulia lebo: ulichumwa wapi, lini, na nani. Mmea hunifikia ndani ya gazeti kuukuu. Naulaza kwenye karatasi, nageuza jani moja lionyeshe mgongo, napaka gundi, nafunga shina kwa vipande vya kitambaa, naulazia vifuko vya mchanga usinyanyuke. Kesho yake uko tayari kukaa humo miaka mia mbili bila kumsumbua mtu.

Kabla ya hapo nilikuwa napachika picha za harusi kwenye fremu, dukani kwa mtu. Shule yangu ni ya kibarazani. Lakini mkono ninao, na kosa langu walilijua siku ya kwanza: gundi. Kanuni inasema tone dogo kila baada ya kidole kimoja. Mimi natia tone, naliona linasikitisha, naliongezea mwenzake. Ndiyo maana kazini hakuna anayelikumbuka jina langu. Wananiita Gundi.

Aliyenipa jina hilo ni Bibi Hadubini. Bibi huyu alistaafu miaka tisa iliyopita, ila hakutokea mtu wa kumwambia, basi anaendelea kuja. Saa moja na nusu asubuhi yuko mezani kwake karibu na dirisha, miwani miwili kichwani na wa tatu puani, jicho limezama kwenye hadubini yake ya shaba. Ananipenda kwa sababu namletea habari za mtaani. Anasema anachoka kuishi na vitu visivyo na siri. Mimi nampenda kwa sababu alinivisha lenzi shingoni, hii ndogo ya mkononi, ina uzi, akaniambia, "Mwanangu, wewe unapenda umbea. Basi chungulia na huku."

Sasa, Bibi alikuwa na jambo lake moja la miaka thelathini na moja.

Unaujua mbigili, hata kama hujui kwamba unaujua. Ni ule mmea wa miiba unaoota nyuma ya gereji na pembezoni mwa mitaro. Jani lake lina meno kama msumeno, ua lake la zambarau kama brashi ya kunyolea, na likizeeka linapasuka na kutoa usufi mweupe unaopeperuka na mbegu. Hakuna anayeupanda na hakuna anayeumaliza. Bibi, enzi za miguu yake, alipanda kilima kimoja cha mawe akauchuma pande zote mbili. Upande wa udongo alikuta mbigili huu huu wetu wa mtaroni. Upande wa majabali akakuta mwingine. Ukiitazama kwa macho ni pacha: urefu ule ule, rangi ile ile, uchokozi ule ule. Lakini Bibi alipoutia usufi wake kwenye lenzi, pale pale juu ya jabali, akakaa kitako. Alisema haukuwa mbigili wa njiani. Ulikuwa ndugu yake, aina nyingine kabisa. Akauchora kwenye daftari.

Hakuaminiwa. Na aliyekataa hakuwa mtu baki, alikuwa mwanafunzi wake mwenyewe, ambaye baadaye akawa Profesa, akaandika kile kitabu kikubwa cha mimea kinachofunguliwa kila mahali. Humo akaandika kwamba kilima kile kina mbigili mmoja tu, ule wa kawaida. Kuhusu mchoro wa mwalimu wake alisema mchoro ni mkono wa mtu, hauwezi kuwa ushahidi. Kisha kilima chenyewe kikaliwa. Walikuja na mashine, wakakipasua, wakakisaga kokoto, leo pana shimo lenye maji ya kijani. Kilichobaki ni boksi moja la Bibi, mimea thelathini na minne ndani ya magazeti, iliyokaa miaka mingi bila kubandikwa kwa sababu hakukuwa na mbandikaji, na Profesa hakuwahi kuja kuitazama.

Na wala hakuwa anatafuta sifa. Kuna vilima vingine vya mawe kama kile, na mashine zinavisogelea. Mbigili wa majabali ukihesabiwa ni ule ule wa mtaroni, hakuna atakayenyanyua mguu kwenda kuutafuta huko. Ukiandikwa kuwa ni aina yake, watatumwa watu. Hilo tu ndilo alilokuwa analitaka kabla hajafa, na alilisema hivyo hivyo, kavu, huku anakoroga chai.

Basi Ijumaa hiyo nikafika kazini nikamkuta amevaa kitambaa kipya shingoni.

"Gundi, mwanangu, niletee wale thelathini na wanne. Kijana wangu anakuja Jumatatu."

"Kijana gani, Bibi?"

"Yule mwenye kitabu."

"Profesa? Yule ana kipara mpaka hapa!"

"Kwangu ni kijana. Anakirekebisha kitabu kwa mara ya mwisho, amekubali kuja kutazama. Lete."

Nililibeba boksi lile kwa majivuno, kwa sababu mimea ile niliibandika mimi, miaka miwili nyuma, mwezi wangu wa tatu kazini. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza kubwa. Nikaiweka mbele yake, nikasimama kusubiri sifa.

Akatazama karatasi ya kwanza. Ya pili. Ya tano. Akavua miwani, akavaa mingine. Akafungua kile kibahasha kidogo kinachobandikwa pembeni ya kila karatasi, cha kuwekea vipande vinavyodondoka. Kitupu. Cha pili, kitupu.

"Mwanangu," akasema polepole, "usufi uko wapi?"

Hapo ndipo roho iliponiruka.

Nikueleze kosa langu, maana ni kosa ambalo haliwezi kufanywa na mtu mwingine yeyote ila mtu wa kazi yetu. Siku unayoajiriwa pale hawakufundishi mimea, wanakufundisha wadudu. Mdudu mmoja akiingia kabatini anakula miaka mia. Unaambiwa asubuhi, mchana na jioni: ukiona cheupe cheupe juu ya mmea mkavu, kama pamba, kama utando, ni mdudu au ukungu, safisha, tia kwenye friza. Mimi mgeni, nina woga wa kufukuzwa, nafungua boksi la Bibi, nakuta cheupe cheupe kimejaa hadi kwenye kurasa za michezo za gazeti! Nilitaka kupiga kelele. Siku mbili nzima nilishinda na brashi laini, nikafuta, nikapuliza, nikasafisha kila kichwa cha ua kama mama anayemtoa mtoto chawa. Ndipo nikabandika. Wakasema, huyu mpya ni msafi.

"Niliufuta, Bibi," nikasema. "Nilidhani ni mdudu."

Angenifokea ningepona. Hakunifokea. Alikunja miwani mmoja, akakunja wa pili, akaipanga sambamba juu ya meza kama vijiko. Akatazama dirishani.

"Kila kitu kingine kinafanana," akasema. "Tofauti iko kwenye usufi tu." Halafu akaongeza, "Nenda nyumbani, mwanangu. Hukujua."

Nilikwenda. Ijumaa sikula, Jumamosi sikusema. Mama akanishika paji la uso. Redio, akiona sina habari ya kumpa wala sipokei yake, akatangaza mtaa mzima kwamba nimeachwa. Na ni nani aliyeniacha, sina hata mtu! Watu wawili walikuja kunipa pole.

Jumapili mchana nikawa nimekaa sebuleni, nimejikunyata kwenye mkeka. Dada yangu mkubwa ni fundi cherehani, na cherehani yake inakaa hapo hapo sebuleni katikati ya watu, kwa hiyo ukila unakula na nyuzi. Alikuwa anapunguza kiuno cha gauni la mteja huku anamsema mteja huyo. Akachomoa pini mdomoni, akaichoma kwenye kimto chake. Akachomoa nyingine, akachoma. Kimto chekundu cha mahameli, kidogo kama andazi, ambacho hakiachi hata akienda sokoni.

Nikamwangalia. Nikakiangalia kimto. Nikaruka nikasimama.

Kwa sababu usufi ule sikuutupa. Niliutia friza wiki nzima kama kanuni inavyotaka, mdudu afe. Baada ya hapo ilibidi uchomwe moto. Lakini jamani, ulikuwa laini! Nikaushika, nikaona haya kuuchoma, nikautia kwenye mfuko nikamletea dada, nikamwambia, chukua, tengenezea kitu. Akatengeneza kimto.

"Dada," nikasema, "naomba kimto chako."

"Chukua pini moja, rudisha."

"Siyo pini. Kimto. Nataka kukipasua."

Cherehani ikasimama. "Nani anataka kupasua nini?"

"Nitakushonea kingine."

"Wewe? Kifungo kikikutoka unanipigia simu mimi!"

"Dada, nakuomba kwa mama aliye hai hapa amekaa."

"Mniache mimi," akasema mama, ambaye alikuwa anachambua mchele.

Redio alikuwa ameshasogeza kiti. "Kuna nini ndani? Mmeficha nini?"

Ikabidi nieleze. Nilieleza yote, Bibi, kilima, Profesa, friza, hadi Bibi kukunja miwani. Nyumba ikasogea. Shemeji akatoka chumbani, watoto wakatoka uani, hata binamu yetu ambaye siku hizo alikuwa hasemi na dada kwa ajili ya pasi iliyoungua, akaja akasimama mlangoni akijifanya anatafuta ndala.

Dada alichukua mkasi wake mdogo, akang'oa pini moja moja akazichomeka kwenye mkono wa gauni la mteja, kisha akafumua mshono wa kimto taratibu, uzi kwa uzi, kama mtu anayefungua kidonda. Usufi ukachungulia.

"Msipumue!" nikasema.

"Tufe?" akauliza shemeji.

"Pumua pembeni!"

Nikakumbuka kwamba bila mwenzake wa kulinganisha naye sitajua ninachokiona. "Nataka mbigili mbichi. Kuna ule nyuma ya gereji." Sikumaliza, Redio alishatoka mbio. Akarudi na shina zima, kalishika kwa khanga, vidole vinamtoka damu na bado anacheka. "Umenichoma, mshenzi huyu! Na wenye gereji wameniuliza naupeleka wapi. Nimewaambia ni siri ya serikali."

Nikachukua sahani nyeusi ya mama. Upande mmoja nikaweka usufi wa gereji, nikainamisha lenzi.

Niliwahi kuutazama kabla, lakini kama anavyotazama mtu mwenye haraka. Safari hii nilikaa. Kila mbegu ina taji lake la nywele, na kila unywele ni mmoja, umenyooka, mwembamba, una ukali kidogo pembeni kama uzi wa kamba ya katani. Hauna tawi. Ni unywele tu, mweupe, safi, kama waya.

"Huu ndio wa kawaida," nikasema. "Uwekeni akilini."

Nikachukua kibanio cha nyusi cha dada, nikachomoa kidogo kwenye kimto, nikaweka upande wa pili. Nikatazama. Waya. Nikachomoa tena. Waya. Mara ya tatu, waya. Niliona uso wa Bibi ukigeukia dirishani. Nikasema moyoni, basi, hata yeye alikosea, miaka thelathini na moja alikuwa anabishania unywele wa mtaroni.

"Chukua wa katikati," akasema dada. "Huo wa juu ni wa mwisho kuingia. Mimi ndiye niliyejaza, najua."

Nikaingiza kibanio hadi katikati. Nikaweka sahanini. Nikainama.

Sijui nikwambieje. Kwa macho ulikuwa ule ule, vumbi jeupe lisilo na thamani. Kwenye lenzi lilikuwa unyoya. Simaanishi kitu kinachofanana na unyoya. Unyoya: uti katikati, na kutoka kila upande wa uti nyuzi zimepangwa, sawa kwa sawa, ndefu chini na fupi juu, kila moja imejipinda kidogo kuelekea ncha, na mwanga wa dirishani ukipita kati yake. Kila unywele wa kila mbegu. Nilihesabu nyuzi za upande mmoja wa unyoya mmoja nikapotea. Na dada alikuwa ameuchoma pini miaka miwili.

"Vipi?" akauliza Redio. "Vipi, wewe? Sema!"

Nikampa lenzi.

Redio akainama. Nilisubiri aseme. Alifungua mdomo, ukabaki wazi, na hakikutoka kitu. Shemeji akampokonya, naye akainama, akabaki kainama hadi dada, mkewe, akamgusa bega. Watoto wakatazama mmoja mmoja, na hata mdogo wao, ambaye hajawahi kukaa kimya toka azaliwe, alirudi nyuma kwa vidole vya miguu. Binamu akaja, akatazama, akampa lenzi dada mkononi. Walikuwa hawajagusana wiki tatu. Dada akatazama wa gereji, akatazama wa kilimani, akarudia wa gereji. Fundi akitazama kitu anatafuta mshono. Nilimwona akiutafuta, na nilimwona akiukosa.

Hapo ndipo saa ya ukutani iliposikika.

Mama alikuwa wa mwisho. Aliweka ungo chini, akajifuta mikono, akaegemea bega langu kwa sababu ya magoti yake. Alitazama kwa muda mrefu sana.

"Sasa huku kilimani," akasema kwa sauti ndogo, "ambako hapapiti mtu. Nani alikaa akazichana hizi?"

Redio alijipangusa macho kwa khanga ile ile yenye miiba.

Jumatatu saa moja kamili nilikuwa mlangoni pa hifadhi namsubiri Bibi, kimto nimekifunga kwenye leso. Aliweka chembe moja chini ya hadubini yake ya shaba. Alipoiona alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Miaka thelathini na moja," akasema, "nilianza kujiuliza kama ni mimi niliyeuchora vibaya."

Nikadhani tumeshinda. Lakini nilipoanza kushangilia, akatikisa kichwa, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda. "Kimto hakina lebo, mwanangu. Kijana wangu atauliza imetoka wapi, na atakuwa na haki. Mimi ndiye niliyemfundisha kuuliza."

Profesa alifika saa tatu, mtu mrefu, mpole, mwenye kipara kinachong'aa na mkoba wa ngozi uliochoka. Alimwinamia Bibi kama mtoto anavyomwinamia mwalimu. "Shikamoo, mwalimu." Akaitikiwa. Akakaa kwenye hadubini, akatazama unyoya wa kimto, na sikumpenda hadi pale nilipomwona amesahau kuweka mkoba chini.

"Ni kweli," akasema. "Ni manyoya. Hii si aina ya kawaida." Kisha akageuka. "Lakini mwalimu, niandike nini? Kwamba imechumwa kwenye kimto cha sindano cha dada yake mbandikaji? Imechanganyika. Siwezi kusema nyoya gani limetoka kwenye mmea gani, wala kama limetoka kilimani."

"Huwezi," akasema Bibi.

"Ningependa."

"Najua ungependa. Huwezi."

Kwa heshima Profesa akaanza kupitia zile karatasi thelathini na nne, moja moja, akizigeuza kwa viganja viwili kama inavyotakiwa. Ya kumi hivi akashindwa kuvumilia. "Nani alibandika hizi? Gundi imemwagika kama uji! Tazama hapa, imetapakaa hadi chini ya ua, na uchafu umenasia ndani."

Nikataka ardhi ipasuke. Ndiyo, nilikumbuka uchafu ule. Nilifuta vichwa vya maua vyote, lakini nilipokuwa nabandika, kutoka ndani kabisa ya ua kulikuwa kunadondoka chembe moja mbili juu ya gundi mbichi, na kadiri nilivyojaribu kuzitoa ndivyo zilivyozidi kuzama, nikaziacha, nikaombea asione mtu. Nilikuwa nafungua mdomo kuomba msamaha.

Nikaufunga. Nikaufungua tena.

"Bibi," nikasema. "Bibi! Uchafu!"

Bibi alinielewa kabla sijamaliza. Sijawahi kumwona mzee akinyanyuka vile. Alimwondoa Profesa kitini kwa kumshika kiwiko, akaiingiza karatasi chini ya hadubini, akageuza kioo, akawasha taa ndogo ya pembeni, akatafuta tone la gundi chini ya ua.

"Lebo inasemaje?" akauliza, jicho haliondoki.

Nikasoma. "Upande wa majabali."

Akasogea pembeni. "Kijana wangu. Kaa."

Profesa akakaa. Mimi nilikuja kutazama baadaye, kwa hiyo nakwambia alichokiona. Gundi yangu ilikuwa imekauka ikawa angavu kama kioo, na ndani yake, katikati, umelala unyoya. Haukuvunjika wala kukunjamana. Ulikuwa umefunguka wote, kila uzi mahali pake, kama mdudu aliyenaswa kwenye utomvu wa mti, na chini ya unyoya mbegu yake, na juu ya mbegu lile ua lenyewe lililoudondosha, na pembeni lebo kwa mwandiko wa Bibi wa enzi za miguu yake.

Tulizipitia zote. Mimi nilisoma lebo, Profesa alitazama na kutamka, Bibi alishika daftari lake la zamani bila kulifungua. Upande wa udongo: waya. Upande wa udongo: waya. Upande wa majabali: unyoya. Karatasi ishirini na tatu za udongo, na kwenye kila moja niliyokuwa nimeizidishia gundi tulikuta waya. Kumi na moja za majabali, manyoya yote. Hakuna hata moja iliyochanganyika. Ilipofika saa sita mchana hakuna aliyekuwa amekunywa chai.

Profesa aliivua miwani yake akaifuta muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu. "Mwalimu," akasema, "nilikosea. Niliandika na watu wakanisoma."

Nilimtazama Bibi kwa hamu, nikawaza, sasa! Maana mimi ningemwambia yote niliyoyaweka toka siku ile. Ningeanza na kipara.

"Umeutazama vizuri?" akauliza Bibi.

"Nimeutazama. Nimekubali."

"Sikukuuliza kama umekubali. Rudi utazame. Safari hii usitafute kitu."

Akarudi. Mtu mzima, profesa wa watu, akainamisha kichwa kile juu ya shaba, na chumba kikawa kimya, ukimya ule ule wa sebuleni kwetu, nikautambua. Nilisikia pumzi yake ikibadilika. Bibi alikuwa amesimama nyuma yake, mkono begani mwake, macho amefumba.

"Vilima vingine viko vingapi?" akauliza Profesa, bado kainama.

"Ninavyovijua, vitano."

"Nitaandika leo leo. Wataenda kabla ya mvua."

"Nami naenda."

"Mwalimu, miguu yako."

"Nitakaa chini, waniletee. Kukaa najua."

Kabla hajaondoka Profesa aliandika vilebo vipya kumi na moja kwa mkono wake, aina nyingine, siyo ya kawaida, na tarehe, na sahihi. Usufi wa kimto tuliutia kwenye bahasha yake, isipokuwa fungu moja dogo ambalo dada aliapa kwamba bila hilo asinione nyumbani. Ameshalishonea kimto kingine na hakichomi pini. Kipo kwenye kabati la vyombo, na kila mgeni anayeingia kwetu Redio humwonyesha na lenzi yangu, na katika hadithi yake siku hizi yeye ndiye aliyekipanda kile kilima.

Nikachukua brashi kubandika vilebo vile. Safari hii nikatia gundi kama kanuni inavyosema, tone dogo, baada ya kidole kimoja tone dogo.

Bibi alikuwa ananitazama juu ya miwani yake yote mitatu.

"Ongeza," akasema.